Kitabu cha Siti Mbili

Kila nikifunga begi la kwenda Mbeya hujidanganya kwamba basi ni maktaba. Zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, umekaa tu, hupiki, hufui. Usiposoma hapo utasomea wapi?

Safari hii nilibeba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Hatujafika mbali konda akawasha filamu ya Bongo. Mama mkwe alianza kufoka tukiwa Kibamba, na tulipofika Morogoro alikuwa bado anafoka. Nikavumilia. Tatizo hasa lilikuwa siti ya dirishani.

Alikaa mama mmoja mwenye kikapu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakiinamia kitabu changu.

"Ni cha dini hicho, mwanangu?"

"Hapana mama, ni hadithi. Kilitoka 1971, kikawahi kupigwa marufuku shuleni."

Hapo ndipo alipovaa miwani.

Barabara hukatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Wenzetu walikuwa wanaonyeshana twiga. Mimi nilikuwa namsimulia mama habari za Zakaria, yule baba mlevi wa Ukerewe anayewachunga binti zake kama askari magereza.

"Namjua huyo," akasema. "Ni shemeji yangu mtupu."

Tangu hapo tukasoma wawili. Nikitaka kufunua ukurasa, ananishika mkono: "Ngoja, sijafika chini." Naye alisoma kwa utulivu, huku akimenya yai la kuchemsha, chumvi ikimdondokea Rosa. Wanaosema Watanzania hatusomi hawajapanda basi. Tunasoma sana, ila kitabu cha jirani.

Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakatuzingira. Mama akanunua fungu zima, likapitishwa dirishani na kutua mapajani pangu, juu ya kitabu. Nikasubiri. Basi liliposimama abiria wachimbe dawa, nikabaki ndani nikiamini nimepata dakika zangu tano. Mama naye hakushuka. "Endelea," akaniambia, "mimi sijabanwa."

Kwenye kona za Kitonga herufi zikaanza kucheza, kichefuchefu kikanipanda, nikafumba macho kidogo. Nikahisi kitabu kinachomolewa mikononi mwangu, polepole, kwa heshima zote. Usingizi ukanishinda.

Nilipozinduka tulikuwa tumeshapita Makambako. Siti ya dirishani tupu. Kikapu hakuna, vitunguu hakuna, Rosa hakuna. Nikamwita konda.

"Yule mama ameshuka na kitabu changu!"

Konda akanishangaa. "Si mama yako yule? Mimi nimemshushia mizigo, akasema kitabu kapewa na mwanawe."

Basi zima likageuka kunitazama, mtoto mchoyo anayemdai mama yake mzazi kitabu. Nikanyamaza hadi Mbeya, nikimsikiliza mama mkwe wa filamu ya tatu.

Nimeshanunua nakala nyingine, ya kusomea nyumbani. Mama, kama haya yamekufikia, kile kaa nacho kwa amani. Nakuomba jambo moja tu: usimwazime shemeji. Atakiuza anywee.