Jogoo Atafuta Chuo cha Urubani

Kashikishi, Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru. Ni Januari. Uvuvi umefungwa tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, mitumbwi imepinduliwa mchangani, na kwenye vichanja hakuna hata chisense mmoja, dagaa wa ziwa hili. Njaa huzaa biashara: MWARI amefungua ofisi chini ya mwembe. MNANDI yuko juu ya gogo, mabawa wazi, anajikausha. PIPA tupu la dizeli, lililovushwa kutoka Pweto, Kongo, limejilaza pembeni. KWAZI katulia juu ya mti mkavu. JOGOO anaingia na mfuko wa mahindi.

JOGOO: Hodi hapa!

MWARI: Karibu, rubani mtarajiwa! Vuta kiti.

JOGOO: Nimekuja kuulizia masomo. Sitafuti ajira. Nataka kuruka kwa starehe tu; Jumapili niende Kisiwa cha Kilwa humu ziwani, jioni nirudi.

MWARI: Umefika penyewe. Hebu tazama picha: mimi na miwani ya jua, mimi na kofia, mimi nimeegemea ndege. Sare unapewa leo hii, shati jeupe lenye mistari minne begani.

PIPA: Mistari minne ni ya kapteni. Huyu hata paa la banda hajalifikia.

MWARI: Msamehe Babu Pipa, kutu imempanda kichwani. Sasa, ada. ICAO, shirika la dunia la usafiri wa anga, linataka saa 40 za kuruka kabla ya leseni ya rubani binafsi. Kopo moja la mahindi kwa saa, makopo 40. Ukilipa yote leo, nakuachia kwa 35.

JOGOO: Kumbe rahisi! Na umri?

MWARI: Miaka 17. Wewe una mingapi?

JOGOO: Miwili.

MWARI: Tutaandika 17. (Anafungua mfuko wa koo.) Mimina hapa.

PIPA: Subiri, mjukuu wangu. Mahindi yakishapita pale hayana njia ya kurudi. Kwanza muulize ana ndege ngapi.

MWARI: Tatu.

PIPA: Zilizoruka wiki hii?

MWARI: (anakohoa) Ya kwanza inasubiri vipuri. Ya pili ndiyo inayochunwa vipuri vya ya kwanza. Ya tatu...

MNANDI: Ya tatu ni mimi. Nakauka.

JOGOO: Tangu lini?

MNANDI: Tangu alfajiri. Nikikauka nazamia samaki, maana marufuku ni ya binadamu. Nikiibuka nimelowa, naanza tena. Matengenezo ndiyo usalama, bwana mdogo.

JOGOO: Na mwalimu?

MNANDI: Mimi vilevile. Nina wanafunzi 18. Saa zangu zikitosha tu, nahamia shirika kubwa.

JOGOO: Nami nikiwa katikati ya masomo?

MWARI: Atakuja mwalimu mwingine, muanze mwanzo. Kurudia ndiko kuelewa!

PIPA: Na kila ukirudia, kopo jingine. Hizo 40 ni kiwango cha chini, mjukuu wangu. Wengi humaliza wakiwa wamepita 50. Saa kumi kati ya hizo uruke peke yako, pamoja na safari moja isiyopungua kilomita 270, ukitua viwanja viwili vingine. Utue Mansa, utue Kasama. Atakupa nini cha kukufikisha huko, gogo?

KWAZI: (kutoka juu) Mwari, nani kakuidhinisha?

MWARI: Shikamoo, Ba Kwazi! Sikukuona. Maombi yako mezani.

KWAZI: Mezani kwa nani?

MWARI: Kwangu.

KWAZI: Nakaa kwenye bendera ya Zambia tangu 1964. Nimeona vyuo vingi kuliko ndege.

PIPA: Mwaka huohuo, Ba Kwazi, ukoo wetu nao ulisomesha! Edward Makuka Nkoloso, mwalimu wa sayansi, alikuwa na kambi nje ya Lusaka ili awapeleke Wazambia mwezini na Mirihi. Wanafunzi aliwaingiza ndani ya pipa la mafuta, akawabiringisha mteremkoni ili wazoee kuelea. Wa kwenda alikuwa Matha Mwamba, msichana wa miaka 17, pamoja na paka wawili. Nkoloso akaiomba UNESCO pauni milioni saba, asipate. Matha akapata ujauzito, wazazi wakaja kumchukua.

MWARI: Si unaona? Chuo kisicho na ndege kimeingia kwenye historia! Mimi nina kosa gani?

PIPA: Dunia ilimcheka, na hadi leo watu wanabishana kama alikuwa anatania. Ila pipa lake aliliweka hadharani, waandishi wa kigeni wakalipiga picha. Hakulipaka rangi nyeupe akaliita ndege.

JOGOO: Sasa niende wapi, Ba Kwazi?

KWAZI: Hapa ziwani hupati chuo. Lusaka kuna ZASTI, cha serikali. Nairobi, vyuo vimejazana Uwanja wa Wilson, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Jua likiwaka hewa hupungua uzito, ndege hukimbia sana kabla ya kuinuka. Soroti, Uganda, kuna cha tangu 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Lakini jina lisikulevye. Fika asubuhi, simama uani, hesabu zinazopaa. Waulize wanafunzi, siyo ofisi. Kwa daktari wa urubani utangulie kabla ya ada, macho yakikataa mahindi yabaki yako. Uliza kama bei ya saa ina mafuta ndani. Ruka somo moja na mwalimu yuleyule atakayekufundisha. Halafu lipa saa ulizoruka, siyo ulizoahidiwa.

JOGOO: (kimya kidogo) Nimekuelewa vizuri sana. Bwana Mwari!

MWARI: Naam?

JOGOO: Lile shati linauzwa peke yake?

MWARI: Makopo matano.

JOGOO: Na picha nimeegemea ndege?

MWARI: Saba, vyote pamoja. Ukiongeza moja, nashona mstari wa tano.

PIPA: Na kuruka je, mjukuu wangu?

JOGOO: Babu, kule bandani hakuna aliyewahi kuruka. Nani ataniuliza nina saa ngapi? (Anamimina mahindi.)

MWARI: Umeona, Ba Kwazi? Mnanilaumu bure. Mimi nauza kinachonunuliwa.