Kinanda Kilichokuja na Halua

Mjomba aliporudi kutoka Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1990, sanduku lake lilifunguliwa ukumbini mbele ya watu wazima wote wa nyumba, kama ilivyo ada. Zikatoka halua, udi, kanzu ya Baba, vitambaa vya Mama na vya Shangazi. Chini kabisa, kimeviringishwa kwenye taulo, kikatoka kinanda cha Casio chenye vitufe vidogo vyeupe na vyeusi na orodha ya sauti 100 imepigwa chapa usoni pake. Mjomba alikusudia kiwe cha watoto wote. Kaka yangu mkubwa alikichukua, akajikunja nacho pembeni ya mkeka, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, haikujua tena jioni ya kimya.

Chombo kile kilikuwa kimetoka mbali. Sinthesaiza za mwanzo, babu zake, zilikuwa makabati ya waya, mali ya vyuo na studio. Minimoog ya mwaka 1970 iliweza kubebwa na mtu mmoja, lakini ilitoa noti moja tu kwa wakati. Kraftwerk wa Düsseldorf waliufikisha mlio wake kwenye chati kwa Autobahn ya mwaka 1974. Mwaka 1977 Giorgio Moroder, akiwa Munich, akamwimbisha Donna Summer juu ya mashine karibu tupu katika I Feel Love. Hao walikuwa na studio. Mimi nawapenda waliofuata, wale waliokuwa na mama tu. Vijana wa OMD, kutoka ng'ambo ya mto wa Liverpool, walipata sinthesaiza yao ya kwanza, Korg, kwa malipo ya kila wiki kupitia katalogi ya mama wa mmoja wao, Andy McCluskey. Depeche Mode wa Basildon, wimbo wao umeshaingia kwenye chati mwaka 1981, walikwenda kurekodi kipindi cha televisheni London kwa treni, wamebeba sinthesaiza zao mikononi. Bendi ya ngoma na magitaa inataka ukumbi, gari na wapagazi. Muziki huu ulitoshea chumba cha kulala, na Japani ilipoanza kushusha bei ya vinanda ukaingia kwenye vyumba vya watu wasio na kitu. Ndiyo maana naamini kwamba historia yake haiwezi kuandikwa bila akina mama. Nyumba zilikuwa zao, na kelele zilianzia masikioni mwao.

Kwetu zilianzia kwenye hitma.

Arobaini ya babu mdogo ilisomewa nyumbani. Wanaume walikaa barazani, wanawake uani, juzuu zimeshagawiwa, pilau iko jikoni inapaliliwa makaa. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndio kwanza alikuwa anatambaa, aliachwa chumbani na binamu aliyepitiwa na usingizi. Kinanda kilikuwa chini ya kitanda. Kilikuwa na kitufe kimoja cha maonyesho: ukikibonyeza, kinapiga chenyewe mwanzo hadi mwisho bila mkono wa mtu. Wimbo waliokitilia kiwandani ulikuwa Wake Me Up Before You Go-Go, ule wa Wham! wa mwaka 1984.

Yasini ilikuwa imefika katikati mtoto alipokibonyeza. Mama alisimama na juzuu mkononi, akaingia chumbani, akabonyeza alichokiona kwanza. Sauti ikapanda. Akabonyeza kingine, ngoma zikaongezeka. Shangazi alimfuata mbio, kanga inamdondoka. "Wifi, kifunike!" Wakakilaza godoro juu. Wham! wakaendelea kuimba chini ya sufi, sauti imekuwa nyembamba lakini wimbo wote unasikika. Uani, bi mwalimu hakugeuza shingo. Alipandisha sauti ya kisomo, na wanawake wote wakapandisha naye, mpaka barazani wanaume wakadhani dua imefikia kilele. Mwishowe Shangazi alikipindua kinanda kifudifudi, akang'oa mfuniko kwa ukucha, akamwaga betri sakafuni.

Baba alitoa hukumu baada ya wageni kuondoka. Kinanda kikae juu ya kabati, betri zikae kwenye sanduku la Mama, chini ya ufunguo. Hapo ndipo Mama alipoingia kwenye muziki. Kaka alipewa betri akishaswali alasiri na akishaonyesha daftari za shule, na alizirudisha kabla ya adhana ya magharibi. Zikichoka, Mama alizianika juani kwenye ukuta wa uani ili zipate nguvu kidogo. Zikigoma kabisa, alinunua nyingine kwa fedha ya maandazi. Hakuna aliyemwita mfadhili. Lakini kila wimbo kaka aliojifunza mwaka ule ulitoka kwenye ndoo ya maandazi.

Mama mwenyewe hakutaka nyimbo. Alitaka mapigo. Alikuwa anashona, na aligundua kwamba kaka akiwasha ngoma ya ndani ya kinanda, mguu wake kwenye cherehani hushika mwendo na pindo linanyooka. "Weka ile ya polepole," angesema, na kaka angeacha mambo yake. Mapigo yale yaliyotiwa kiwandani wengi huyadharau, na mimi siwaungi mkono. Mwaka 1980 Casio walimwajiri Hiroko Okuda, binti aliyetoka chuo cha muziki na aliyeandika tasnifu yake kuhusu rege. Alitengeneza mapigo ya kinanda kidogo cha MT-40, kilichotoka mwaka 1981. Moja likaitwa roki. Kinanda hicho kikafika Kingston, Jamaika, mikononi mwa Noel Davey. Yeye na mwimbaji Wayne Smith wakaliona pigo lile, mtayarishaji King Jammy akalipunguza mwendo, na mwaka 1985 likawa Under Mi Sleng Teng. Baada ya hapo sehemu kubwa ya rege ilihamia kwenye mashine, na mdundo ule mmoja umeimbiwa na wasanii mamia. Vidole vya binti mmoja wa Japani viligeuza muziki wa kisiwa kizima. Mama hakuwahi kulisikia jina lake, ila alishona sare za shule za nusu ya mtaa kwa mapigo ya ukoo ule ule.

Kisha wakaja sisimizi. Kaka alikuwa na tabia ya kula halua huku anapiga, na halua haisamehe. Punje ziliingia kwenye nyufa, sisimizi wakazifuata, na siku moja vitufe vya katikati vikawa vinazama bila kutoa sauti. Tulimpelekea fundi redio wa mtaani. Akakifungua mbele yetu, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi kilivyo masikini kwa ndani: chini ya kila kitufe pana kifuko cha mpira, ndani ya mpira pana kidonge cheusi cha kaboni, na kidonge hicho kikigusa njia za shaba kwenye bodi ndipo noti hulia. Kaboni ikichafuka au ikilika, noti imekufa. Fundi alisafisha kwa spiriti, kisha akaniomba penseli yangu ya shule. Akaipakaza risasi yake juu ya vile vidonge, kimoja baada ya kingine. Vitufe vikafufuka, isipokuwa kimoja: mi ya katikati.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba wakati kaka anakijaribu kinanda. Alikulia kwenye santuri za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, na sikio lake halikuwa na mzaha. "Mume wangu," alimwambia kaka, "hebu nipigie ile ninayoimba jikoni." Kaka akapiga. Kila alipofika kwenye mi iliyokufa, alishuka kwenye kitufe cheusi kilicho jirani. Bibi akatikisa kichwa. Kaka akajitetea kwamba noti yenyewe imeliwa na sisimizi. Jirani mmoja alikuwa na kinanda kizima, kikaazimwa, mi ikapigwa. Bibi akatikisa kichwa tena. Akaimba mwenyewe, taratibu, na sote tukasikia: sauti yake ilitua kati ya kitufe cheupe na kitufe cheusi, mahali ambapo kinanda hakina kitu.

Hilo si jambo dogo. Kinanda cha kiwandani kimegawa sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Taarabu ya zamani, iliyochukua mengi Misri, hutembea kwa maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, na katika ile iitwayo rasti noti ya tatu huwa chini kidogo ya mi ya kawaida, karibu robo nzima. Mpiga fidla huipata kwa kusogeza kidole. Mpiga udi vilevile, maana shingo ya udi haina vizuizi. Mpiga ganuni hugeuza kibati kidogo penye uzi. Mpiga Casio hana pa kwenda. Mombasa, Matano Juma alikuwa ameshaiingiza ogani kwenye taarabu zamani, na wasikilizaji walimpenda, lakini wazee kama Bibi waliendelea kuitafuta ile sauti ya katikati.

Miaka ya 1990 ilipokuwa inasonga, kinanda kilishinda. Dar es Salaam kulikuwa na kundi la East African Melody, na ushindani mkali wa vikundi vya TOT na Muungano. Taarabu ikaacha kukaa kitini, ikawa rusha roho, na waliokuwa wakituza kwa heshima wakaanza kucheza. Safu ya fidla ikatoweka, nafasi yake ikachukuliwa na kijana mmoja na Yamaha yake. Nimewasikia watu wazima wakilia kwamba huo ulikuwa mwisho wa taarabu. Nami naisikitikia ile safu ya fidla, kwa sababu fidla kumi zikipumua pamoja hakuna mashine inayoiga. Lakini ganuni moja ilikuwa mali ya klabu, na klabu ilikuwa na wenyewe. Kinanda kilimfikia mtoto wa muuza maandazi.

Kaka alichukuliwa na kundi la hapo mjini, na kundi lilikuwa na kinanda kikubwa kilichopitia Dubai, kile kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Waarabu. Humo mpigaji anaweza kushusha noti moja moja kwa robo. Siku aliyokileta nyumbani, alishusha mi, akashusha si, akampigia Bibi. Bibi hakusema neno. Aliomba maji, akanywa, akasema, "Tena."

Kwa hiyo harusi ya binti wa jirani ilikuwa na sababu zote za kufana. Viti vilipangwa barabarani, wanawake wamevaa sare, Bibi amewekwa mkeka wa mbele na Mama yuko nyuma ya spika, analinda nyaya zisikanyagwe na watoto. Wimbo wa tatu uko katikati, mwimbaji ameshaanza kutuzwa, umeme ukakatika mtaa mzima.

Kinanda kikafa kifo cha ghafla. Kilichobaki ni makofi. Mwimbaji alisita, lakini wanawake hawakusita: vigelegele vikapanda, mtu akaleta sinia, mwingine ndoo, na Bibi, ambaye hakuwa ameimba hadharani tangu ujana wake, akaudaka ubeti ulipoachiwa. Mtaa mzima uliitikia gizani. Umeme uliporudi, kaka akaingia kwa furaha, mikono miwili, na muziki wote ukagongana. Kinanda kile kikizimika kwa kukosa umeme kilisahau kila kilichopangwa. Mi na si zilikuwa zimerudi kiwandani. Bibi alikuwa katika rasti, mashine ilikuwa kwingine, na spika zilikuwa upande wa mashine.

"Zima!" Bibi alipiga kelele, na sijawahi kusikia amri ikitiiwa haraka vile. Mama akamshika mkono Bibi, akamvusha kati ya viti mpaka penye kinanda. Shughuli ikasimama. Kaka aliinamia kioo kidogo cha mashine, Bibi akasimama pembeni yake akiimba noti ile moja. "Teremsha. Teremsha tena. Umepitiliza, rudi. Hapo." Wakafanya mi, wakafanya si. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kiti aone kinachoendelea. Kisha wakaanza upya, na watu waliotuza mara ya kwanza wakatuza mara ya pili.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Kinanda kikubwa kiko kwa kaka, na mwanawe sasa anatengeneza singeli kwenye kompyuta, kwenye chumba cha uani alichomegewa na Mama. Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam kwenye sherehe za vigodoro, vijana walipochukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza mpaka mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Studio ya Sisso iko Mburahati, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, ikaifikisha singeli Ulaya. Nikiisikiliza polepole moyoni, nasikia kinanda cha rusha roho kile kile. Mama anasema mguu wake hauiwezi. Cherehani ingeshika moto.

Juzi spika ya besi ya kijana ilitembeza chupa ya chai kutoka rafuni kwa jirani mpaka ikaanguka. Jirani akaenda kwa mjumbe, tukaitwa wote. Mama alikuja na fedha ya chupa mkononi, akamlipa kabla ya kikao kuanza, kisha akakaa. Mjumbe akaandika masharti: spika isiegemee ukuta wa jirani, na ikifika magharibi kila kitu kizimwe. Jirani akatia saini. Akakaa kidogo, akauliza kama kijana atakuwa na nafasi Jumamosi ya harusi ya bintiye. Kijana hajafungua mdomo, Mama akamjibu: nafasi ipo, ila jenereta ni juu ya mwenye harusi.