Mlala Hemani wa Likasi

Woga wa kulala peke yake hemani huanza saa mbili usiku, pale zipu inapofika mwisho wa safari yake. Kabla ya hapo mlalaji ni mtu mwenye akili timamu: amekula bukari, yaani ugali, kwa samaki, ametazama nyota, amewaambia jamaa kwa simu kwamba mahali ni pazuri mno. Baada ya hapo amebaki masikio mawili ndani ya mfuko wa nailoni.

Kosa ni la hema lenyewe. Ukuta wa tofali huzuia jicho na sikio pamoja. Chandarua kilichotundikwa chini ya mti hakizuii hata kimoja. Hema peke yake ndilo lililochagua kuziba jicho na kuacha sikio wazi. Mtu aliyelala nje juu ya mkeka akisikia kitu kinakwaruza, hugeuza shingo, akaona ni jani kavu linaburutwa na upepo, akarudi usingizini. Aliye hemani husikia mkwaruzo uleule asione kitu, na nafasi ya kile asichokiona hujazwa na akili yake, ambayo haijawahi usiku wowote kumletea jani kavu. Ndiyo maana kando ya ziwa lilelile mvuvi aliyejitandikia gunia mchangani hukoroma, na mtu wa mjini aliyenunua hema la vyumba viwili hukesha.

Waliokuja Katanga na mahema zamani hawakupatwa na shida hii, kwa sababu hawakuwa peke yao. Msafara wa Kapteni William Stairs, uliotoka Unguja mwaka 1891 na kufika Bunkeya kwa Mwami Msiri mwezi Desemba mwaka huohuo, ulikuwa na Wazungu wachache ndani ya mahema na mamia ya wapagazi wakiota moto pande zote. Hema lililozungukwa na kikohozi cha mamia ya watu limeshakuwa chumba cha ndani. Anayetaka kujua hema ni nini hasa, aondoe wapagazi.

Mwenyeji wa Likasi, mji wa Katanga, huufikia usiku wa hemani akiwa na upungufu wa malezi. Chukua mtu wa mtaa wa Kikula. Tangu utotoni amelala katikati ya jenereta ya jirani, mkesha wa maombi wenye vipaza sauti, baa mbili zinazoshindana, jogoo asiyejua saa, na mguu wa mdogo wake mbavuni. Vitu hivyo havimwamshi. Vikinyamaza vyote kwa pamoja, hukurupuka na kuuliza nani amekufa.

Hata neno halimsaidii. Likasi, kampi ni mtaa wa wafanyakazi: nyumba za tofali zilizopangwa mistari, zilizojengwa na kampuni ya migodi ya Union Minière na kurithiwa na Gécamines. Kijana akimwambia mama yake kwamba Jumamosi atalala kampi, mama huuliza ni kwa shangazi yupi. Akielezwa kwamba kampi hii haina nyumba, ina kitambaa tu, na kwamba mahali pa kukitandaza panalipiwa, hunyamaza kidogo. Kisha: “Unalipa makuta juu ya kulala inje?” Swali hilo halijapata jibu la kuridhisha, na afadhali lisijaribiwe mbele ya wageni.

Mahali panapofaa pako karibu. Kusini-mashariki mwa mji, kuelekea Kapolowe, kuna ziwa Tshangalele, ambalo si ziwa la asili: ni maji ya mto Lufira yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme kwa viwanda vya shaba mwaka 1930. Wakati unaofaa ni kiangazi, kati ya Mei na Septemba, mvua ikiwa imekatika. Hapo ndipo ardhi nyekundu ya Katanga inapokuwa ngumu kama sakafu ya kanisa, na vigingi vya hema, vilivyotengenezwa kwa ajili ya majani laini ya nchi nyingine, hupinda vikawa ndoano za samaki. Hema lisilo na vigingi hufungwa kwenye mawe. Kamba zikilegea, kitambaa hupigapiga usiku kucha, na hiyo ni sauti ya kwanza. Hema pia lisisogezwe karibu na kichuguu. Vichuguu vya nchi hii vinaweza kufikia kimo cha nyumba, na mbalamwezi ikitoka nyuma ya kimojawapo, mlalaji aliyechungulia kwa tundu la zipu huona mtu mnene sana aliyeketi, anayengoja.

Sauti nyingine huja kwa zamu. Kwanza mbwa. Jua likizama, ardhi ya kiangazi hupoa haraka kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa ya chini ikiwa baridi na ya juu vuguvugu, sauti ambayo mchana ingepaa na kupotea huinamishwa kurudi chini na kusafiri mbali. Mbwa wa ng’ambo ya maji hubweka kana kwamba yuko penye kigingi cha tatu. Mvuvi anayeweka kasia ndani ya mtumbwi, mbali kabisa, huliweka kifuani pa mlalaji.

Halafu komba. Komba mkubwa hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa, na akili ya mlalaji hutumia dakika arobaini kupanga huyo mtoto ni wa nani. Perere akiwapo kwenye miti, usingizi umekwisha. Sauti yake huanza kama mlango mkavu unaofunguliwa polepole, hupanda ngazi baada ya ngazi, na humalizikia kwenye ukelele wa mtu anayechinjwa. Mwenye ukelele huo ni mla majani asiye na mkia, mwenye ukubwa wa sungura, ambaye kwa nasaba ndugu yake ni tembo. Hayo yote husomwa vizuri mchana.

Kisha hufika sauti zisizo na mnyama. Moyo unaodunda ndani ya sikio lililolalia mkono husikika kama hatua za mtu mwenye viatu vizito. Mlalaji akijizuia kupumua ili asikilize vizuri, hatua huongeza mwendo. Tumbo nalo lina lake la kusema kuhusu bukari.

Yapo maelezo ya kitaalamu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, wakiwemo Masako Tamaki na Yuka Sasaki, walionyesha kwamba mtu anapolala mahali pageni usiku wa kwanza, upande wa kushoto wa ubongo wake haulali fofofo kama ule wa kulia. Hubaki macho kidogo, ukisikiliza sauti ngeni. Watu wale walilala maabarani, penye kitanda, kuta na daktari. Hemani pande zote mbili hushika zamu, na hakuna anayempokea mwenzake.

Anachokiogopa mlalaji hutegemea alikolelewa. Katika miaka ya 1970 sebule nyingi za miji ya Katanga zilikuwa na mchoro wa mamba-muntu, mwanamke mweupe mwenye mkia wa samaki, akaaye majini na kumtajirisha mwanamume atakayeshika masharti yake. Maji yakichezacheza ufukweni saa sita usiku, mtu aliyelia umaskini mwaka mzima hugundua kwamba anaogopa utajiri. Wazee wana batumbula. Enzi za ukoloni ilivumishwa kwamba watu hao huwanyakua wanaotembea peke yao usiku, wakawanenepesha na kuwatoa waliwe. Mlalaji mwembamba hujifariji kwa hesabu: kunenepeshwa huchukua muda, na Jumatatu ana kazi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba woga huu hupimwa kwa sauti tu. Magharibi ya Likasi yapo machimbo ya Shinkolobwe, yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililotupwa Hiroshima mwaka 1945, na serikali iliyafunga mwaka 2004. Hajulikani mtu aliyekesha hemani kwa ajili ya Shinkolobwe. Urani hailii. Historia ya mji nayo haifundishi kuogopa giza: Septemba 1961, Likasi ikiitwa bado Jadotville, askari zaidi ya 150 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walishambuliwa na majeshi ya Katanga. Kamanda wao, Pat Quinlan, alikuwa amewachimbisha mahandaki mapema. Shambulio halikuja usiku. Lilikuja asubuhi ya tarehe 13, wengi wao wakiwa misani. Mlalaji anayeijua habari hiyo hupata amani ya usiku na kupoteza ile ya asubuhi.

Dawa zinazotumika huzidisha ugonjwa. Tochi ikiwashwa ndani, hema hugeuka sinema: aliye nje humwona mlalaji akivaa suruali kwa ukubwa mara mbili, naye mlalaji haoni hata mti. Panga huwekwa chini ya mto, ingawa ndani ya hema la mtu mmoja hakuna nafasi ya kuinua mkono. Anayejeruhiwa kwa kawaida ni godoro la upepo, ambalo hutoa roho kwa mluzi mrefu, na mluzi huo huhesabiwa kuwa nyoka. Haja ndogo huja saa nane na huwa na njia mbili tu: kufungua zipu, yaani kuwatangazia wote walioko gizani kwamba mlango uko wazi, au kungoja. Karibu wote hungoja.

Dawa mbaya kuliko zote ni simu. Mfano wa kijana mmoja wa Kikula unatosha. Alikuwa amelipia usiku mmoja kwenye kiwanja kando ya ziwa. Saa nane na robo akasikia hatua. Safari hii haukuwa moyo: majani makavu yalikuwa yakivunjika, hatua zikizunguka hema, zikisimama, zikiendelea, na baada ya nusu saa zikirudi kuzunguka tena. Akampigia kaka yake, kwa kunong’ona, kwa sababu kitambaa hakizuii sauti ya ndani pia.

“Yaya. Iko muntu inje.”

“Nani huyu? Sema kwa nguvu!”

“Anazunguka…”

Hapo salio likaisha.

Katika familia ya Katanga simu ya saa nane usiku ina maana moja, na ikiwa aliyepiga ananong’ona kisha ananyamaza, haihitaji kufafanuliwa. Kaka akawasha taa. Mama akauliza nani. Saa tisa jirani wa kwanza alishasikia, na saa kumi viti vya plastiki vilikuwa uani, wanawake wameketi chini, na mzee mmoja alikuwa akisema kwamba kijana alikuwa na heshima sana, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mwenyewe. Alfajiri kaka na mjomba wakapanda pikipiki kuelekea Kapolowe kumchukua.

Mwenye hatua alikuwa santinele wa kiwanja. Malipo ya usiku yalijumuisha ulinzi, na mzee yule, ambaye hakuwa na kawaida ya kula pesa ya bure, alikuwa akimzunguka mteja wake kila nusu saa. Kulipokucha alisimama mlangoni pa hema akiwa na furaha ya kazi iliyokamilika. “Mwana, ulilala muzuri? Mi nilikuzunguka usiku yote.” Kijana, ambaye usingizi ulikuwa umempata saa kumi na moja, alijibu, “Aksanti, Papa,” na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Vitu vya kuhofia kweli havina kelele. Siafu huingia kimya kwa upana wa kidole wa zipu iliyoachwa wazi, wakifuata kipande cha samaki kilichosahaulika kwenye mfuko. Kwa hiyo chakula hulala mbali na hema, na zipu hufungwa hadi mwisho, jambo ambalo huwazuia mbu pia. Hema husimamishwa mbali na ukingo wa maji, kwa heshima ya mamba wa kawaida, asiye na masharti. Baridi ndiyo mdhulumaji mkubwa. Likasi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 au chini yake. Mlalaji hujifunika mablanketi matatu juu, ilhali joto lake linanyonywa na ardhi iliyo chini ya mgongo. Mkeka na blanketi moja chini humfaa kuliko mawili juu. Pumzi yake nayo hugeuka kuwa matone kwenye kitambaa baridi. Karibu na alfajiri tone moja huanguka shingoni, polepole, kama kidole.

Kulikunja hema ni kazi ya pekee, kwa kuwa hakuna hema lililowahi kurudi kwenye mfuko lilimotoka. La kijana wa Kikula, likiwa bado na maji ya usiku, liliviringishwa kwa urefu, likafunikwa kwa blanketi jeupe ili lisichafue suruali ya mjomba, likafungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki. Kijana mwenyewe alifuata kwa taksi. Pikipiki ndiyo iliyotangulia kuingia uani, na wanawake walipoona lile furushi refu, kilio kilichokuwa kimeanza kupoa kikapanda upya.