Mafuta ya Kipaimara

Kosa lilianzia kwa Mwalimu, yaani mume wangu, aliyerudi kutoka Iringa mjini na programu mpya ya manunuzi kwenye simu. Sukari ilikuwa rahisi kuliko kwa Mangi kwa shilingi 200 kila kilo, na mzigo unaletwa mpaka mlangoni. "Huyu Mangi anatunyonya kwa sababu yuko peke yake," akasema. "Ngoja apate mshindani!"

Mangi ni jina tu, kama nchi nzima inavyowaita wenye maduka. Wetu si Mchaga, ni Mkinga wa Makete, na huku Nyanda za Juu Kusini nani asiyewajua Wakinga na biashara? Anakupimia mafuta ya shilingi 500, anakukatia mche wa sabuni, na vitu vidogo anavifunga kwa karatasi za majaribio ya wanafunzi. Juzi chumvi yangu ilikuja ndani ya jiografia ya kidato cha tatu: 31 kwa 100, na wino mwekundu umeandika "Jitahidi".

Ni kweli bei yake iko juu kidogo ya ile ya sokoni mjini. Lakini mjini ni kilomita 15 hivi kutoka hapa Tosamaganga, na nauli ya kwenda na kurudi inaimeza nafuu yote. Mangi analijua hilo kuliko mchumi yeyote. Bei yake anaipandisha hadi pale nauli inapoishia, haongezi.

Nikamkumbusha Mwalimu kwamba Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka nchini 2014, Uchumi ya Kenya ikafunga maduka yake hapa 2015, na Jumia ikaaga Tanzania Novemba 2019. Mangi yeye bado anafungua saa kumi na mbili asubuhi. Mama mkwe, aliyepanga foleni za duka la kaya miaka ya 1980, akacheka tu jikoni: "Enzi zetu duka lilikuwa moja, na ndani hamna kitu. Ninyi mnalalamika nini?"

Mwalimu hakutusikia. Jumapili binti yetu alikuwa anapokea kipaimara, wageni hamsini, kwa hiyo Ijumaa nikaagiza kwa programu yake: mchele, sukari kilo 5, vitunguu, nyanya, mafuta lita 5. Nikalipa kwa simu papo hapo, pamoja na usafiri shilingi 7,000. Nafuu ya sukari: shilingi 1,000. Hesabu hiyo niliipiga moyoni, nikanyamaza. Mtu na programu yake mpya huwaingilii.

Jumamosi saa kumi jioni simu ikaita.

"Mama, nimefika."

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Hapa kwenye makumbusho."

Ramani ilikuwa imempeleka Kalenga, kwa Mkwawa. Fuvu la mtemi yule lilipelekwa Ujerumani, likarudi 1954, miaka 56 baada ya kifo chake, nalo lilifika Kalenga kwa sababu ndiko lilikotakiwa. Vitunguu vyangu vilitakiwa Tosamaganga.

Kijana alitokea saa moja usiku, anatetemeka kwa baridi, nyanya zimeshakuwa rojo ndani ya mfuko. Mafuta alinikabidhi mwishoni, akikwepa macho yangu: chupa tano za maji za lita mojamoja, kila kifuniko kimekazwa juu ya kipande cha nailoni.

"Dukani kwetu walisahau kuyafunga, mama. Nikayachukua hapo jirani."

Chupa moja ilikuwa imezungushiwa karatasi isichuruzike. Nikaisogeza kwenye taa. Jiografia, kidato cha tatu.

Jumatatu nikaenda dukani, shingo upande. Tangu Ijumaa sikuwa nimekanyaga pale, na mtaani habari hazifichiki.

"Kamwene, mama mwalimu. Hongera ya kipaimara."

"Kamwene. Asante, baba. Nipe chumvi."

Mangi hakugusa chumvi. Alivuta lile daftari lake la madeni, akalamba kidole, akafunua ukurasa wetu, kisha akaligeuza nisome mwenyewe. Chini ya sukari robo na kiberiti kulikuwa na mstari mpya: *mafuta lita 5, kachukua kijana wa pikipiki, mama mwalimu atalipa.*

"Alisema ni ya kwako," akasema kwa upole, huku akisaka kalamu. "Nami nimesikia siku hizi kuna ushindani. Nimekupunguzia mia tano."