Shemeji Kakosa Ndege, Saa Haikukosea

Nyumbani kwetu Dunda, Bagamoyo, saa ni nyingi kuliko sufuria, na anayetaka kujua wakati husubiri adhana. Silalamiki. Wapo wanawake ambao waume zao wana nyumba ndogo. Wangu ana saa ndogo, na afadhali saa, haidai kodi ya chumba.

Baba watoto ni mwalimu wa hisabati. Hatengenezi saa mbovu za watu, kazi ambayo ingetuletea walau hela ya mboga. Yeye huunda saa mpya zenye sura ya zamani. Ananunua mashine mbali, kasha mbali, uso mbali, mishale mbali, na kioo kilichobenuka cha mtindo wa miaka ya 1960. Kisha anakaa na kibano na lenzi ya jicho mpaka vitu hivyo vikubali kukaa pamoja. Mashine aipendayo ni NH36 ya Kijapani, ndugu wa karibu wa zile zilizomo kwenye Seiko 5 ambazo wazee wengi wa pwani wamezivaa. Ina vito 24. Inapiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kwa kila sekunde. Inajijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono, na ikishajaa huenda zaidi ya siku nzima na nusu bila kuguswa. Haya yote nimeambiwa nikichambua mchele, nikifua, na usiku mmoja nikiwa nimeshalala.

Kinachonishinda ni huo uzee wa kununua. Hapa chuma hakihitaji msaada ili kizeeke. Upepo wa bahari unakula bati, bawaba na miguu ya jiko la gesi bila kutoza senti. Kule Kaole wahifadhi wanahangaika na upepo huo huo ili magofu ya karne ya 13 yasizidi kuliwa. Mume wangu anachukua kitu kipya, kwa hela ya nyumba, halafu anatafuta namna ya kukichakaza.

Ndivyo tulivyofika kwenye kisa cha chai. Alikuwa na uso mweupe wa saa, akaona unang'aa mno, akasikia mahali kwamba chai nzito huupa uso rangi ya maziwa ya zamani. Siku hiyo nilikuwa nimepika birika zima la chai ya rangi, tangawizi na mdalasini ndani, nikaliacha juu ya makaa kwa ajili ya kina mama wa kikao cha mchango wa arusi. Yeye alichoona ni chai nzito inayokaa moto muda mrefu. Akautumbukiza uso wake, akaenda kusahihisha madaftari. Mimi nikaja kumimina. Kikombe cha mwenyekiti kikalia ti! Mama wa watu akaingiza kijiko, akaopoa kisahani cha chuma chenye namba kumi na mbili, akakigeuza huku na huku, akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo kadi ya mchango ya mwaka huu.

Chai haikuushika uso hata kidogo, maana ulikuwa umepakwa vanishi. Sisi ndio tuliokunywa vanishi.

Basi, akaja shemeji kutoka Maskati kwa likizo, na sanduku lake likawa na mashine mpya ya NH36, kasha na paketi ya mishale aliyoagizwa na kaka yake. Mama mkwe naye, kusikia habari za saa, akafungua kasha lake la mbao akatoa Seiko 5 ya marehemu mumewe, iliyonunuliwa huko huko Maskati. Mashine ilikuwa imeoza kwa maji ya chumvi. Marehemu alikuwa mtu wa majahazi. Lakini gurudumu la siku lilikuwa zima, lile lenye majina ya siku kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, unachagua unalotaka. Seiko 5 zilianza kuuzwa mwaka 1963, na moja ya sifa zilizozipa hiyo tano ni siku na tarehe kukaa kwenye kidirisha kimoja. Baba watoto akalitazama lile gurudumu, akatangaza mradi: ataunda saa ya Kiswahili.

Maelezo yake yalikuwa haya, na kwa hili namuunga mkono. Sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Mshale ukiwa kwenye moja, tunasema saa saba. Ukiwa kwenye nane, tunasema saa mbili. Mtoto wa shule ya awali anafundishwa kuona namba moja na kutamka nyingine, na hakuna anayeshangaa. Jua la hapa, karibu na ikweta, haliyumbi: mwaka mzima mapambazuko hayapishani hata kwa saa moja. Kuhesabu kutoka alfajiri ni hesabu nzuri, na Waethiopia wanahesabu hivyo hivyo. Kwa nini basi tuvae saa zinazohesabu kutoka usiku wa manane, wakati ambao mtu mwenye heshima zake amelala?

Akaanza kuchora uso uliopinduliwa, sita juu na kumi na mbili chini. Kidirisha cha siku kikaangukia upande wa kushoto, ambako majina ya gurudumu hutokea kichwa chini. Akachora mwingine. Meza ya kulia ikawa haina pa kuweka ugali. Binti yetu wa darasa la sita akapita na kipande cha muhogo, akasimama, akatafuna, akasema, "Baba, si uirudishe tu mishale nyuma saa sita?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwalimu wa hisabati alikunja karatasi zake moja moja.

Ikabaki kazi ya kufunga mishale, na hapo ndipo pangaboi lilipoingia kwenye kisa. Tundu la mshale wa sekunde kwenye mashine hizi ni sehemu ya tano ya milimita. Mwenyewe alikuwa amezima feni, kajifungia, kajivika lenzi. Shemeji, aliyezoea viyoyozi vya Maskati, akaingia akilalamika joto, akabonyeza swichi. Mshale ukaruka. Tukainua mkeka, tukakung'uta mito, kuku mmoja akawekwa chini ya ulinzi kwa sababu alikuwa karibu na mlango akimeza kitu. Shemeji, kwa nia njema, akaleta sumaku ya spika mbovu akaipitisha sakafuni na juu ya meza, taratibu, kila mahali. Ilitupatia pini na sindano yangu ya cherehani niliyoipoteza tangu Ramadhani. Mshale haikuupata, kwa sababu mishale ni ya shaba njano, nayo haiitikii sumaku. Ilichopata ni mashine yenyewe pale mezani. Kamani laini inayoongoza mapigo ikanasa sumaku, mizunguko yake ikawa inagusana, na kamani iliyofupishwa hivyo hupiga haraka. Kesho yake saa ilikuwa imetutangulia sote kwa muda wa kupika wali.

Dawa yake ipo. Baba watoto alipanda basi hadi Makumbusho, akaunga hadi Kariakoo kwa mzee mmoja fundi saa anayekaa barazani. Mzee aliipitisha saa juu ya koili yenye umeme, akaivuta mbali polepole, akaitega sikioni, akairudisha. Nauli iligharimu kuliko matibabu.

Hatimaye saa ikakamilika: uso mweupe ule ule, mishale yenye rangi inayong'aa gizani, jina la siku kwa Kiarabu kutoka kwenye saa ya marehemu. Kulikuwa na uamuzi mmoja zaidi. Tarehe hubadilika mara moja katika mizunguko miwili ya mshale wa saa, kwa hiyo kwenye saa ya Kiswahili itabadilika ama alfajiri ama magharibi. Akamwuliza mama yake. Mama mkwe akashangaa kuulizwa. Siku inaanza jua likizama. Alhamisi ikishazama, huo ni usiku wa Ijumaa. Ikawekwa magharibi. Jioni ile tulikaa barazani tukiitazama: muadhini akaanza, na tarehe ikasogea. Jina la siku likabaki nyuma likijikokota, kwa sababu mashine hizi hubadili tarehe kwanza, siku baadaye. Lilimaliza baada ya isha. "Muacheni," mama mkwe akasema, "anamaliza kusali kwanza."

Usiku wa kuamkia safari ya shemeji, umeme ulikatika tangu jioni na simu yake ikazimika. Kaka yake, kwa fahari, akamtundikia saa ile kando ya kitanda. Ndege ilikuwa ya saa moja na nusu asubuhi, na taksi ilikuwa ije saa kumi alfajiri. Shemeji alilala mapema. Akazinduka gizani, akatazama, mshale unawaka kwenye namba kumi. Macho yaliyofunzwa tangu utotoni yakafanya kazi yake: kwenye kumi, ni saa nne. Saa nne usiku. Akashukuru Mungu, akavuta shuka. Dereva naye alipiga simu isiyopatikana, akaamua abiria wake kapata usafiri mwingine.

Mama mkwe alipoamka kwa sala ya alfajiri alimkuta anakoroma. Tulimtoa mbio, begi moja halijafungwa, lakini kutoka Bagamoyo hadi uwanja wa ndege kuna Bunju, kuna Tegeta, kuna Mwenge, na asubuhi Dar es Salaam nzima iko barabarani. Alipofika, kaunta ilikuwa imefungwa.

Shauri lilisikilizwa jioni, barazani. Baba watoto alijitetea kwamba saa haikukosea hata dakika, jambo ambalo lilikuwa kweli na lilizidi kumuudhi mdogo wake. Shemeji alisema saa inayosema kweli bila kumwonya mtu ni hatari kuliko iliyosimama. Mama mkwe akahukumu: aliyetundika alipe nusu ya tiketi mpya, aliyesoma alipe nusu, na saa ibaki kwake, kwa kuwa hakuwahi kwenda shule ya kufundishwa kuisoma kinyume.

Nusu ile ilipatikana kwa kuuza saa tatu kati ya zile za kabatini, na sasa nina pa kuweka sufuria. Wewe msomaji, ukilala kwetu na una safari ya alfajiri, usitazame chochote kinachowaka gizani. Mwambie mama mkwe akuamshe.