Walii wa Mlangoni

Wanaotafuta mfano wa zuhudi wasihangaike kuzuru makaburi. Waje hapa Minneapolis, mlangoni kwangu, waitazame kengele ya video. Ndogo, nyeusi, ina jicho moja, na imeipa dunia kisogo.

Riziki yake imeletewa mdomoni. Transfoma iliyoko chini ya nyumba inapokea volti 120, inazipunguza hadi 16, na kuzipandisha kwa nyaya mbili nyembamba hadi kwenye skrubu za mgongoni mwake, usiku na mchana. Mlafi yeyote angenenepa. Yeye hudonoa tu. Umeme huo hupita kwanza kwenye koili ya kengele ya zamani ya ukutani, na ukipita mwingi koili itaanza kunguruma bila mgeni. Basi betri iliyomo ndani yake, kwa adabu, huridhika na matone. Kisha joto likishuka chini ya sifuri, walii wetu huingia kwenye saumu kamili: hata tone hapokei. Ana hoja ya kielimu. Betri ya lithiamu ikichajiwa kwenye baridi ya kugandisha, lithiamu haiingii ndani ya grafiti bali hutanda juu yake ikawa metali, na betri ikaharibika. Kwa hiyo saketi hukataa. Nakubali, hoja ni nzito. Ila wenzake hufuturu magharibi, yeye hungoja Machi. Na katika saumu hiyo hutoa sadaka bila kuhesabu: hurekodi kila gari, kila kindi, kila tawi linalotikiswa na upepo, giza likiingia huwasha taa zake za infraredi, Wi-Fi ikiwa dhaifu hujikamua zaidi ili video ifike. Ni mawalii wangapi wametoa zaidi ya walivyopokea mpaka wakazimika?

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Hunipa mazoezi ya ngazi, kipima volti mkononi. Ikizimika, haimsengenyi jirani yeyote. Na wageni nisiowataka hubonyeza, husubiri, huondoka.

Kisha kuna ukweli wake usiotetereka. Programu ya simu huandika juu, "Imeunganishwa kwa waya," na chini yake, "Betri asilimia 31." Kesho yake waya bado upo, na betri ni 28.

Hapa sifa zinanishinda. Mimi sikununua betri! Boksi lilisema kengele ya waya. Kwamba waya hauiendeshi, kwamba kazi yake ni kuipa betri kitone na kitone, hayo waliyaandika kwa herufi za sisimizi mahali ambapo mtu hufika akiwa ameshafunga skrubu ya mwisho. Vijana wa huduma kwa wateja siwalaumu. Wamepewa karatasi, wanaisoma. Karatasi ilisema transfoma yangu ya volti-ampea 10 ni ya kizamani, niweke ya 30. Fundi umeme akaja, akaweka, akalipwa. Volti zikasimama vizuri kabisa, na betri ikaendelea kushuka, kwa sababu transfoma haipashi moto ukumbi wa nje. Karatasi ikageuzwa: chomoa betri, ingiza ndani, ichaji kwa kebo ya simu, irudishe. Yaani kengele ya waya, na mwenye nyumba ndiye waya.

Ada ya mwezi ya kuhifadhi video, hata hivyo, hukatwa kwa wakati, hata kwa zile wiki ambazo hakuna video ya kuhifadhi. Hiyo haijafunga hata siku moja.

Nilipoandika kulalamika, walinijibu kwa upole mkubwa, wakinishukuru kwa uvumilivu, na kunipendekezea bidhaa yao nyingine: kipande cha sola cha kubandika pembeni mwa kengele, kikamilishe pale waya unapopungukiwa. Katikati ya Januari. Mlango wangu unatazama kaskazini.