Core i7 ya Baba Mdogo

Ukoo wetu haukubaliani kwa jambo lolote, isipokuwa hili: mtoto akienda chuo kikuu bila kompyuta mpakato, aibu ni ya wote. Jina langu lilipotokea kwenye orodha ya waliochaguliwa, kundi la WhatsApp la familia likageuka kamati ya manunuzi. Shangazi akatoa elfu hamsini. Mjomba wa Morogoro akaahidi laki moja, kisha mtandao wa Morogoro nzima ukapotea. Mama akaweka zamu yake ya upatu. Zikapatikana shilingi 420,000, pamoja na sharti kutoka kwa Baba Mdogo, ambaye hakuchanga kitu: "Usije ukanunua chini ya core seven."

Kungoja mkopo wa chuo hakukuwezekana. Fungu la vitabu na viandikwa ni shilingi 200,000 kwa mwaka, na boom, yaani fedha za mkopo huo, huingia wakati kazi za kikundi zimeshagawiwa. Kompyuta mpya za bei yangu zipo, ila nyingi zina hifadhi ya gigabaiti 64, na Windows 11 yenyewe inataka nafasi kuanzia hapo hapo. Ukishaiweka, wewe na masomo yako mtafute pa kulala. Nikashika njia ya Kariakoo, kutafuta used.

Sijafika hata mtaa wa Aggrey, winga ameshanidaka. "Dada yangu, laptop? Mali safi, imeshuka jana kutoka Dubai." Winga hana duka. Ana miguu na mdomo, na chake kinapandishwa juu ya bei ya mwenye duka, kwa hiyo anakupenda kwa dhati kabisa. Akanipandisha ghorofani, kwenye chumba ambamo kompyuta zimepangwa hadi darini. Nyingi ni za ofisi za Ulaya na Marekani. Kampuni ikishazitumia miaka michache inaziuza kwa mafungu, zinazunguka dunia, zinatua Kariakoo zikiwa bado na stika ya namba ya mali ya ofisi.

"Core seven ninayo," mwenye duka akasema. "Laki nne, mwisho."

Ilikuwa i7-2620M. Siri yote iko baada ya kile kistari: hiyo 2 maana yake kizazi cha pili, prosesa ya mwaka 2011, wakati mimi nasoma shule ya msingi. Ina kore mbili tu. Kando yake ilikaa i5-8350U, kizazi cha nane, ya mwaka 2017, kore nne. Tena Windows 11 haizipokei rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Baba Mdogo anasoma cheo, hasomi tarehe ya kuzaliwa.

Cha ajabu, bei ilikuwa ile ile. "Hiyo kibodi yake Kijerumani," winga akanong'ona, kama anayetaja ugonjwa wa ukoo. "Lakini betri inapiga masaa manne." Nikaichukua.

Kwenye kibodi ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana viti. Windows ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Kiingereza, na mimi naandika kwa kuangalia vitufe. Nilipotaka "nyumba ya wazee" ikaja "nzumba za wayee". "Kazi za wanafunzi" zikawa "kayi ya wanafunyi". Kwa Kiingereza mtu angepona, herufi hizo huwa chache. Kiswahili kinaziita kila baada ya maneno mawili, na ngeli zote zikaanguka. Mhadhiri alirudisha kazi yangu na swali moja kwa wino mwekundu: "Hii ni lahaja ya wapi?" Stika za vitufe za elfu tatu zikamaliza utata.

Masaa manne ya betri yalikuwa dakika arobaini. Ndipo nikaelewa kwa nini wenzangu wanawahi ukumbini alfajiri na kugombea viti vya ukutani. Si bidii ya masomo, ni soketi.

Baba Mdogo alikuwa amepiga simu siku ile ile niliyoinunua, hata shikamoo hakuisubiri vizuri. "Ni core seven?"

"Ni kizazi cha nane, Baba Mdogo."

"Nane!" akasema. "Basi imepita kiwango. Safi sana."

Nawe ukienda, soma namba inayofuata kistari, kisha chomoa waya na uitumie pale pale dukani nusu saa nzima. Winga atanuna, mwache anune. Kibodi ya Kijerumani ichukue, omba punguzo. Ya Kifaransa ikimbie: kule waliobadilishana ni A na Q, na Kiswahili kisicho na A hakiandikiki.